Bonasi yangu ilizaa ubunifu, tena wa ajabu

Juzi meneja mpya wa SACCOS moja hapa Kigoma kanionyesha jedwali la bonasi kwenye simu: kila mkopo mpya, afisa mikopo elfu tano. Mdogo wangu, jedwali hilo nalijua. Niliwahi kulichora mwenyewe. Basi na wengine mnaoanza umeneja, sikilizeni.

1. Bonasi iwemo kwenye makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Usilipe kwanza ukaja kujieleza baadaye.

2. Angalia unachohesabu. Hapa ndipo nilipoungua. Nilitaka vijana wabuni, nikawapa bonasi kwa idadi ya mikopo. Wakabuni kweli! Mama wa dagaa pale Kibirizi marejesho yamemshinda, anapewa mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Vitabuni mmoja umekwisha salama, mwingine umeanza, afisa kala elfu tano yake, na saini ni yangu. Nilisaini kumi na saba. COASCO, wale wakaguzi wa vyama vya ushirika, walipokuja, mkaguzi akaweka kidole kwenye tarehe: mkopo umefungwa na kufunguliwa siku ileile, jina lilelile. Akavuta faili jingine. Na jingine. Hakusema neno, akaomba chai tu. Nikamimina, nusu ikaishia mezani.

Na dawa nilikuwa nayo ofisini. Miezi mitano kabla, binti wa kaunta aliniambia: "Bosi, hawa tunawadai tarehe 30 hata kama ni mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa hazivuti dagaa, watatoa wapi? Marejesho yafuate giza." Nikamwambia aandike barua. Aandike ya nini, wakati kaunta haitoi mikopo na bonasi yake ni sifuri? Baada ya fedheha ile ndipo nikalipeleka wazo lake kwenye bodi, nikasema "menejimenti imebuni ratiba mpya." Yeye yumo humo humo anagawa soda.

3. Zawadi ya wazo igawiwe timu nzima, maana wazo la kaunta hukamilishwa na afisa mikopo.

4. Jina la mwenye wazo liingie kwenye muhtasari wa kikao. Hilo halihitaji hata makisio, jamani, ni wino tu! Yule binti aliacha kazi mwaka huohuo. Sasa yuko chama kingine, anasimamia mikopo ya wavuvi. Tukikutana sokoni ananiamkia vizuri tu, "Shikamoo meneja," nami naitikia marahaba huku nikijifanya nakagua rangi ya mawese.