Mkeo TSH yake "iko poa"? Mpime na fri T4 kabla hujaenda popote

Mkuu weka chini huo unga wa mitishamba. Umeandika mwenyewe kwamba mkeo alitokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, maziwa hayakutoka, anahisi baridi na kuchoka, TSH (kipimo cha damu cha tezi ya shingo) imesoma kawaida, sasa unauliza ale nini na dawa gani ya asili. Hapana aisee.

Mimi niko Uyole, nilijifungua 2016, nikaongezewa damu, ziwa kavu, siku zangu hazikurudi, nyusi zinapukutika, navaa koti mchana wa Oktoba watu wananiambia dada hii si ndo Mbeya, zoea. Daktari mmoja wa zahanati (simtaji, Mungu anamjua) akaangalia TSH tu, akasema tezi iko fiti, una mawazo. Mawazo! Na mimi mjinga nikarudi nyumbani nikaitunza ile karatasi kwenye Biblia kama cheti cha ndoa, miaka 2 na nusu, nikauza viazi gunia kwa gunia kununua unga wa goita wakati shingo yangu nyembamba kama ya korongo.

Sikia. Pituitari ni kitezi kama njegere chini ya ubongo, na ndiyo nyapara. Tezi ya shingo ni kibarua, kama wale wa chai Mufindi. TSH ni kelele za nyapara, homoni anayomtumia kibarua afanye kazi, na T4 ni homoni ya kibarua, ndiyo inayojaza kikapu (fri T4 ni ile iliyo huru kwenye damu). Kibarua akizembea T4 inashuka, nyapara anapayuka, TSH inapanda, kikapu kikijaa ananyamaza. Hapo kipimo cha TSH kinatosha kabisa. Ila nyapara akiwa mgonjwa mwenyewe hawezi kupayuka, TSH inakaa chini au inasoma kawaida, na kikapu kitupu. Mimba inaivimbisha pituitari, ukitokwa damu sana inakosa damu, sehemu yake inakufa. Wanaita ugonjwa wa Sheehan. Mimi TSH ilikuwa kawaida mpaka siku ya mwisho, waliponipima fri T4 ndo ikakutwa chini, na kortisoli (homoni ya tezi za juu ya figo, nazo pituitari ndiyo nyapara wao) nayo chini.

Kortisoli walianza kuirekebisha kwanza, levothairoksini (dawa ya tezi ya shingo) ikafuata, maana ukitanguliza ya tezi unaweza kuanguka vibaya. Na mpaka leo dozi yangu wanaifuatilia kwa fri T4, TSH hawaitazami.

Chakula uliuliza eeh? Ale tu, ugali, parachichi, chochote. Kesho asubuhi hospitali ya rufaa, mwambieni daktari habari ya ile damu kabla hajauliza, kisha TSH na fri T4 karatasi moja, na kortisoli ya asubuhi. Akikuambia TSH inatosha, usinyanyuke kwenye kiti.