Fonti ya tovuti ijaribiwe kwenye kompyuta ya steshenari

Wateja wengi ninaowatengenezea tovuti huja na fonti, yaani mtindo wa herufi, waliyokwisha kuipenda. Wameiona kwenye kadi ya harusi au bango, wanataka hiyohiyo. Huwa sibishani. Nawaomba tu tukaifungue kwenye kompyuta ya steshenari, ile yenye Windows ya zamani na skrini iliyofifia ya pikseli (nukta za picha) 1366 kwa 768. Mara nyingi mjadala huishia hapo.

Ukiandika jina la fonti kwenye CSS, yaani maagizo ya mwonekano wa tovuti, bila kuweka faili lake, kivinjari kinaitafuta ndani ya kompyuta ya msomaji. Isipokuwepo, kinachukua inayofuata kwenye orodha yako. Orodha ikiisha, kinaweka ya kwake. Arial, Verdana na Georgia utazikuta kwenye Windows na Mac. Simu za Android kwa kawaida hazina hata moja: nyingi zina Roboto, iliyoingia na Android 4.0 mwaka 2011. Kompyuta za Linux mara nyingi zina Liberation Sans, ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na Arial kwa makusudi. Kwa hiyo usiulize fonti ipi nzuri. Uliza msomaji akiikosa atapata nini.

Kwa maandishi marefu bado naiamini Verdana, ingawa wabunifu vijana wanaiona ya kizee. Mchoraji wa fonti Matthew Carter aliichora hiyo na ile ya Georgia kwa ajili ya Microsoft, zikatoka mwaka 1996, skrini zikiwa na pikseli chache mno. Herufi zake ni pana na zimeachiwa nafasi. Andika "Ilala" kwa Arial: herufi mbili za mwanzo ni vijiti viwili vinavyokaribia kufanana kabisa. Andika kwa Verdana, I kubwa ina vikofia juu na chini. Kisha andika "alililia" kwa herufi ndogondogo uone fonti ipi inageuka uzio wa fito. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo, halafu ni marefu, kwa hiyo fonti iliyobana hutuumiza haraka. Jaribu na "ng'ombe" pia, maana baadhi ya fonti za bure hazina ile alama iliyopinda na kivinjari huiazima kwingine, ikaonekana kama kiraka.

Georgia ni nzuri kwa hadithi na makala, lakini usiipe jedwali la ada au bei. Tarakimu zake nyingine hupanda na nyingine hushuka chini ya mstari, na safu ya 350,000 na 475,000 inaonekana kama inacheza.

Shida ya Verdana ni ukubwa. Kwa pikseli 16 ileile, inakula nafasi kuliko karibu fonti zote za kawaida. Menyu inayotosha mstari mmoja kwenye simu yenye Roboto inaweza kukatika mistari miwili kwenye Windows. Ndiyo maana fonti ya kushika nafasi yake ikikosekana naichagua DejaVu Sans, inayofanana nayo kwa upana:

font-family: Verdana, "DejaVu Sans", sans-serif;

Kisha naacha nafasi ya kutosha kwenye menyu. Maandishi ya kawaida siyashushi chini ya pikseli 16, na kimo cha mstari naweka 1.5.

Fonti nyembamba za rangi ya kijivu sizitaki kabisa. Mac huchora herufi nene kidogo kuliko Windows, kwa hiyo mbunifu mwenye skrini ya pikseli nyingi anaona umaridadi, na karani wa ofisini anaona ukungu.

Ukilazimika kutumia fonti yako mwenyewe, ipandishe kama faili la WOFF2, aina ya faili la fonti lililobanwa kwa ajili ya tovuti, na uchukue uzito (unene wa herufi) wa kawaida na mzito tu. Kwa kawaida kila uzito ni faili jingine, na bando analipa msomaji. Kwenye CSS usisahau agizo la font-display: swap. Bila hiyo, Chrome inaweza kuficha maandishi hadi sekunde 3 ikisubiri fonti ifike. Ukiiweka, msomaji anaanza kusoma kwa fonti ya simu yake na yako inaingia baadaye. Maandishi yataruka kidogo wakati wa kubadilishana. Wateja hulalamikia mruko huo, nami huwa nauacha.