Uvimbe na vidonda vya simbilisi: mmeuliza, tunajibu

Jike wangu ana uvimbe kama gololi chini ya taya. Anakula, ila polepole kuliko zamani. Nimtumbue mwenyewe kwa sindano?

Hapana, acha sindano. Uvimbe wa hapo mara nyingi ni jipu la tezi za shingo. Ubua mgumu wa nyasi humchubua ndani ya mdomo, bakteria aina ya streptokoka wakapenya, na tezi ikajaa usaha. Usaha wa simbilisi ni mzito kama dawa ya meno, hautoki kwenye tundu la sindano. Unaotoka ni kidogo tu, huku mfuko unaoutengeneza ukibaki ndani. Baada ya siku chache uvimbe unarudi, na safari hii umeingiza uchafu mpya.

Daktari wa mifugo hupasua pana, husafisha mfuko au huutoa wote, kisha mara nyingi huacha kidonda wazi kwa makusudi. Wewe utakiosha kwa maji ya chumvi mara 2 kwa siku ili kifunge kuanzia ndani. Kikifunga juu kwanza, jipu linajijenga upya chini yake. Mwambie pia akague meno, maana jipu la mzizi wa jino huota mahali hapohapo na dalili yake ni huko kula polepole. Kwa sasa mtenge na wenzake, kwa sababu maradhi haya huambukiza, na nawa mikono kila ukimshika.

Mpime kila siku kwa mizani ya jikoni, saa ileile. Simbilisi mzima huwa na gramu 700 hadi 1,200. Akiendelea kupungua, usingoje. Akikaa saa 12 bila kula ni dharura, hata kama uvimbe wenyewe unaonekana mdogo: utumbo wake ukisimama, utamuua kabla ya jipu.

Nyumbani kuna amoksilini ya mtoto iliyobaki. Naweza kumpa kidogo?

Hata tone usimpe. Simbilisi humeng'enya nyasi kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye utumbo mpana. Amoksilini, ampisilini na penisilini huwaua hao, nafasi yao inachukuliwa na bakteria wanaotoa sumu, na mnyama anaweza kufa katika siku chache, akiharisha au bila hata kuharisha. Wengi huamini jipu ndilo lililomuua, kumbe ni dawa. Erithromaisini, linkomaisini na klindamaisini zimo kwenye kundi hilohilo la hatari, na marhamu zake usimpake, kwa kuwa atailamba.

Ile sindano ya penisilini na streptomaisini wanayochomwa ng'ombe na mbuzi nayo ni mbaya kwake, kwa kuwa streptomaisini yenyewe ni sumu kwa simbilisi. Madaktari wengi wa mifugo hushinda na ng'ombe, kuku na mbwa. Si utovu wa adabu kuuliza, "Daktari, dawa hii ni ya jamii ya penisilini?" Zinazotumika kwa simbilisi ni kama enrofloksasini, au salfa iliyochanganywa na trimethoprimu, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito.

Madume wawili wamepigana, mmoja ana jeraha la meno mgongoni. Nimsafisheje?

Kwanza watenganishe. Kata manyoya kuzunguka jeraha, upana wa sentimita 1 hivi, kwa mkasi wenye ncha butu, ili yasigandamane na majimaji. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Vuta kwenye bomba la sindano lisilo na sindano na umwagie jeraha mpaka liwe safi. Kausha kwa shashi. Pamba huacha nyuzi kidondani.

Ukitaka dawa ya kuua vijidudu, tumia povidoni ayodini: sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji, rangi iwe kama chai ya rangi iliyopauka. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huunguza nyama inayojaribu kupona. Dawa ya zambarau na ile dawa ya buluu ya kupuliza ya mifugo hulambwa, tena rangi yake inakuficha usione wekundu ukianza. Usifunge bandeji, ataitafuna.

Jeraha la meno hudanganya. Tundu huziba mapema huku bakteria wakiwa wamefungiwa ndani. Papase hapo kila siku kwa wiki nzima. Ukikuta kinundu chenye joto, rudi kwenye jibu la kwanza. Aliyeumwa na paka apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama tundu halionekani. Na msimu wa joto kagua jeraha asubuhi na jioni, maana mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja.

Ana uvimbe ubavuni wenye kitundu katikati, na kama kitu kinachezacheza ndani.

Ni buu wa nzi wa tumbu, yule anayetaga hata kwenye nguo zilizoanikwa na kutufanya tupige pasi hadi nguo za ndani. Hutaga kwenye mchanga au matandiko yenye unyevu na mkojo, buu akapenya ngozi. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya mgando kwa takriban nusu saa. Akikosa hewa atajitokeza. Bonyeza taratibu pande zote mbili au mvute kwa koleo ndogo akiwa mzima, kwani akikatikia ndani kidonda kinaoza. Osha kwa maji ya chumvi, kisha mwaga matandiko yote.

Kinundu kigumu mgongoni karibu na matako, hakimuumi.

Huenda ni uvimbe wa vinyweleo, ambao kwa kawaida si saratani. Daktari huutoa kwa upasuaji mdogo, na ni bora kabla haujapasuka wenyewe. Ila kama ni nta yenye manyoya yaliyogandamana mwishoni kabisa mwa uti wa mgongo, hiyo ni tezi ya mafuta tu, hasa kwa madume. Ilainishe kwa mafuta ya nazi, pangusa, osha kwa sabuni laini. Uvimbe kwenye chuchu ni jambo jingine: uonwe na daktari mapema, awe jike au dume.

Nyayo zake ni nyekundu na zimevimba.

Tazama sakafu. Waya, maranda yaliyolowa na unene kupita kiasi ndivyo vinavyoleta vidonda vya nyayo. Weka kitambaa kikavu na nyasi kavu nyingi juu yake, badilisha kila siku. Mpe vitamini C, miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kwa siku, kwani mwili wake hauitengenezi. Kipande cha pera au pilipili hoho nyekundu kinatosha. Vitamini hiyo usiitie kwenye maji ya kunywa, huharibika. Ukiona gamba jeusi au damu, maambukizi yanaweza kufika mfupani. Hilo si la kutibu nyumbani.

Dume wa miezi 3 ameota uvimbe mbili chini ya tumbo, zinalingana kabisa.

Ni korodani. Mtenge na majike.