Re: Kufundisha vitenzi elekezi vya Kireno, Gredi ya 8

Mwalimu, umeuliza watoto wataelewaje kitenzi elekezi cha Kireno, yaani kitenzi kinachopokea shamirisho moja kwa moja, bila kukariri fasili. Mimi ningeanza na Fort Jesus, kwani hakuna mtoto wa Mombasa asiyeijua. Andika ubaoni: *Os portugueses construíram o Forte Jesus no século XVI* (Wareno walijenga Fort Jesus katika karne ya 16). Waulize: *construíram o quê?*, walijenga nini? Jibu ni *o Forte Jesus*, na hakuna kihusishi (neno kama *de*) kati yake na kitenzi. Hiyo ndiyo shamirisho, yaani kitu kinachotendewa. Wengine watakutajia *no século XVI* kwa kuwa nayo imefuata kitenzi, lakini hiyo inajibu *quando?*, lini. Tumia muda hapo, usiharakishe.

Halafu waigeuze sentensi: *O Forte Jesus foi construído pelos portugueses* (Fort Jesus ilijengwa na Wareno). Waone jinsi shamirisho imekuwa kiima.

Kazi kubwa iko kwa *gostar* (kupenda), kitenzi kinachodai kihusishi *de*. Sisi husema "napenda samaki" basi, kwa hiyo wataandika *gosto peixe*. Sahihi ni *gosto de peixe*. Ziandike pamoja, *como peixe* (nakula samaki) na *gosto de peixe* (napenda samaki), wautafute wenyewe huo *de*. Ukiwaambia mapema, kesho watakuwa wamesahau.

Viwakilishi vya shamirisho kama *o* na *a*, vinavyofanana na *o* ya *o Forte Jesus*, viache kwanza, tafadhali. Vitawachanganya bure.