Tangi la choo la boti linanuka na pampu imekuwa ngumu

Ndugu, kama tangi umelimwaga juzi tu na bado harufu imejaa kabini, na pampu ya mkono inakuwa ngumu, mi ningeanza na bomba la kupumulia, lile jembamba linalotoka juu ya tangi hadi ubavuni mwa boti. Mara nyingi limeziba, chumvi, wadudu wanajenga humo, au uchafu ulipanda tangi lilipojaa kupita kiasi, sasa hewa haina pa kutokea ndo maana pampu inakusukuma mkono. Weka mpira wa maji kwa nje upige taratibu tu, na usinyonye uchafu wa tangi kwa mashine kabla bomba halijazibuka maana tangi linaweza kubonyea hadi kupasuka.

Bomba likiwa safi na harufu bado ipo, chukua kitambaa ulowanishe maji ya moto, kisugue kwenye mpira wa choo, ule unaopeleka uchafu tangini, kisha kinuse. Kikinuka, mpira umeshapenya harufu, badilisha tu, hakuna dawa. Kama choo kinarudisha maji angalia ile valvu ya raba inayozuia uchafu kurudi chooni, chokaa ya mkojo na maji chumvi inaikakamaza, siki inasaidia.

Jiki usimwage kabisa, inaua bakteria wazuri wanaokula uchafu tangini na kula raba. Maji ya kusukumia yawe mengi.

Na tafadhali sana, hata likiwa tupu usiingize kichwa ndani ya tangi, ile gesi inaangusha mtu papo hapo.