Falsafa ya elimu kwa mwalimu wa hesabu: ukiisoma kwa madesa, kweli ni porojo

Mdogo wangu, umesema umechaguliwa kusoma ualimu wa hisabati na fizikia, umekuta falsafa ya elimu ni somo la lazima, na kaka yako kakwambia ni porojo za kukariri majina ya Wagiriki. Unauliza lina kazi gani, na ulisomeje usije ukala sapu, yaani mtihani wa marudio. Somo hilo nimelipitia, sapu yenyewe niliikwepa kwa maksi mbili, na huu ni mwaka wangu wa tisa nafundisha hesabu sekondari. Nitakuwa mrefu kidogo, vumilia.

Kaka yako hajakosea sana. Wengi wetu tulilisoma kiporojo. Ukumbi umejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, kipaza sauti kinakatakata, sisi wa nyuma tunaandika tu: Plato hivi, Rousseau vile, Dewey kasema hivi. Wiki moja kabla ya mtihani unakwenda steshenari, unanunua desa, yaani muhtasari wa somo, lililotolewa kopi mpaka herufi zimefifia, unakesha nalo. Kazi ya kundi mko kumi, wanaoandika wawili, wanane wanatuma namba za usajili. Kwenye jaribio la kwanza nilijaza kurasa nne, nikapata 7 kati ya 20. Pembeni mhadhiri kaandika kwa wino mwekundu: "Plato nimemsoma. Wewe je?" Nilikasirika siku nzima. Kumbe swali lilitaka niseme kama ni haki mtu mmoja kuamua nani asome nini na nani asisome, mimi nikamwaga historia ya Ugiriki.

Kilichonigeuza ni andiko linaloitwa Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere aliitoa Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Nilidhani naijua, maana shuleni kwetu kujitegemea kulikuwa jembe. Umechelewa namba, kalime. Umeongea Kiswahili darasani, kalime. Mahindi yakikauka yanapakiwa, yanaondoka, hatujui yameishia wapi. Sasa nikaisoma mwenyewe, nikakuta mzee anasema jambo lingine kabisa: shamba liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washirikishwe kwenye maamuzi yake, na waone kwa macho yao faida ya jasho lao. Anasema pia kwamba shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, isiwe foleni ya kusubiri sekondari, kwa sababu wengi hawatafika huko. Nililima miaka minne na hakuna aliyewahi kuniuliza tupande nini. Adhabu ilivaa jina la falsafa, na sisi tukaichukia falsafa. Hapo ndipo nikaelewa somo hili linauliza nini: haya tunayowafanyia watoto, tunayafanya kwa sababu gani, na sababu hizo zinasimama?

Kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, nikupe kisa cha fildi, yale mazoezi ya kufundisha. Plato ana mazungumzo yanayoitwa Meno. Humo Sokrates, mwalimu wake Plato, anamwita kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jometri, anamchorea mraba wenye upande wa 2, eneo 4, kisha anamuuliza: nichoree wenye eneo mara mbili ya huu. Kijana anasema haraka, upande uwe 4. Wanahesabu, eneo linakuwa 16. Basi 3. Inatoka 9. Kijana anakwama, anakiri hajui, na maswali yanaendelea mpaka anaona kwamba mraba mpya unajengwa juu ya mstari unaotoka pembe kwa pembe.

Nikaipeleka hiyo kidato cha pili, wanafunzi 84, kabla hatujagusa Pythagoras. Walijibu vilevile kama yule kijana: 4, halafu 3. Kelele. Kisha binti mmoja wa nyuma, ambaye tangu nifike sikuwa nimesikia sauti yake, akaja mbele na karatasi aliyoikata mraba wa 4 kwa 4, lile jibu lililokataliwa. Akakunja pembe zote nne zikutane katikati. Akauinua mraba mdogo uliobaki: "Ile ilikuwa 16, hii ni nusu yake." Yaani 8. Sikuwa nimeliwaza hilo mimi, na nilikuwa nimejiandaa usiku kucha.

Plato anatumia kisa hicho kudai kwamba kujifunza ni kukumbuka yale ambayo roho iliyajua zamani. Hilo siliamini hata kidogo. Ila yale maswali nayatumia mpaka leo.

Nisikudanganye lakini. Somo lile lilikula vipindi viwili, na mwalimu mwenyeji akaniambia mada imebaki na mtihani hausubiri. Hakuwa mjinga. Mtihani huohuo ndio unaofanya nicheke wanachuo wanapomtaja Paulo Freire, yule Mbrazili aliyefungwa baada ya mapinduzi ya 1964, aliyesema shule inamfanya mtoto kama akaunti ya benki, mwalimu anaweka, mtoto anapokea. Wanaikariri hoja hiyo neno kwa neno ili waipakue kwenye mtihani! Halafu hata Freire nina ugomvi naye kidogo: jedwali la kuzidisha lazima likae kichwani. Asiyejua saba mara nane atafikiri kwa kutumia nini?

Kuhusu sapu: chagua maandishi mawili au matatu ya wenyewe, si desa, uyasome taratibu. Bishaneni na wenzako kwa Kiswahili mpaka hoja ieleweke, ndipo muiandike Kiingereza. Kwenye mtihani sentensi ya kwanza iwe jibu lako, Plato aje baadaye kama shahidi. Kwenye ajira hakuna atakayekuuliza Dewey ni nani, hilo kaka yako yuko sahihi.

Elimu ya Kujitegemea ni fupi, jioni moja unaimaliza, na Kiswahili chake kipo. Isome kabla chuo hakijafunguliwa, halafu kamuulize kaka yako mahindi ya shule yao yalikuwa yanakwenda wapi.