Buti mpya zimemeguka zikiwa kwenye boksi, kumbe ndo poliurethani hiyo

Mwenzenu yalinikuta. Nilinunua buti za kazini pea mbili kwa mpigo maana bei ilikuwa ya kutupa, moja nikavaa nyingine nikaisunda chini ya kitanda hapa Tanga, miaka minne baadae naitoa mpyaaa, hata kamba sijawahi kufunga, naenda nayo kazini saa nne haijafika soli inadondoka vipande kama keki iliyokauka. Nikatukana muuzaji weee. Kumbe namuonea tu.

Soli ile ni poliurethani, mafundi wanaita PU. Ni vimiminika viwili, poliolo na isosayaneti, vikichanganywa vinashikana vinakuwa kigumu au laini kutegemea mapishi. Mjerumani Otto Bayer na wenzake ndo walioianzisha mwaka 1937. Ukitia maji kidogo inatoa gesi inaumuka kama mandazi, hapo umepata sponji ya godoro. Ile povu ngumu ndani ya ukuta wa friji ni ndugu yake, tairi za foklifti pia, na bushi za gari.

Sasa shida ni kwamba tunasema PU tu kama vile ni kitu kimoja. Kuna ya poliesta, hii haisagiki haraka na inavumilia oili, ila unyevu unaitafuna taratibu hata usipoivaa, na joto letu la pwani linaongezea. Kuna ya poliyetha, hii maji haiyaogopi sana. Soli nyingi za PU ni ile ya kwanza, ya poliesta. Kwahiyo buti usiweke akiba, na kabla hujalipa tafuta mwezi na mwaka wa kutengenezwa, buti za viwango huwa zimegongwa. Za mtumba bonyeza soli kwa ukucha, ikinata au ikitoa unga achana nayo hata kama juu inang'aa.

Ofisini tulirudia kosa lilelile kwa tairi za troli za chumba cha samaki, sakafu imelowa kutwa na sisi tumeagiza "za PU" basi, zikaachia. Siku hizi tunamwambia muuzaji kabisa zinaenda kwenye maji.

Godoro we usihangaike na inchi, uliza densiti, yaani kilo kwa mita ya ujazo. Nene lakini jepesi linabonyea mapema.

Na nyie wapiga rangi za gari mnaochanganya na hadina, ile dawa ya kukaza rangi, ile hadina ndo isosayaneti yenyewe, ukipuliza kwa kompresa inaingia kifuani na leso haizuii chochote, inatakiwa maski ya kuletewa hewa safi. Mwili ukishaikataa basi, hata kidogo tu unabanwa kifua. Jirani yangu alikuwa fundi mzuri sana wa rangi, sasa hivi anapaka mageti kwa brashi, gereji wakianza kupuliza yeye anavuka barabara.